Njia sita za kujenga mkusanyo wa kazi za wasanii wanawake: ipi inayafaa makumbusho yenu?

Makumbusho mengi ya sanaa yakiamua kuziba pengo la wasanii wanawake hukimbilia kununua. Bodi inakaa, tangazo linatoka, magazeti yanaandika. Miaka ikipita, ukifungua daftari la usajili unakuta sura ni ileile. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2019 ulipitia makumbusho 26 ya Marekani na kukuta kwamba kati ya kazi 260,470 zilizoingia kuanzia 2008 hadi 2018, za wanawake zilikuwa 29,247 tu, yaani asilimia 11. Mwaka ambao ziliingia nyingi kuliko yote ni 2009. Baada ya hapo mazungumzo yalizidi kupamba moto, lakini kazi zilizoingia hazikuongezeka.

Kwa hiyo hapa tunazipima njia sita kwa swali moja: shamrashamra zikiisha, nini kitakuwa kimebaki kwenye daftari na ukutani?

Kabla ya kuchagua, hesabuni

Mali bila daftari hupotea bila habari. Fanyeni hesabu nne, na msizichanganye: idadi ya wasanii wanawake, idadi ya kazi zao, idadi ya kazi zao zilizo ukutani leo, na fedha zilizotumika kununua kazi zao katika miaka 10 iliyopita. Hesabu moja peke yake hudanganya. Mtu akiwapa chapa 300 za msanii mmoja mwanamke, idadi ya kazi itapanda ghafla, ila mmeongeza msanii mmoja tu, na huenda chapa zote zimelala kwenye droo.

Pitieni pia idara zisizoitwa za sanaa: ufinyanzi, vitambaa, picha za kamera, vito. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, hujenga vyungu vyake kwa mkono bila gurudumu, husugua uso wa udongo mpaka ung'ae, kisha huvichoma: hewa ikiingia tanuuni hutoka vyekundu kama machungwa yaliyoiva, ikizuiwa hutoka vyeusi. Kazi kama hiyo katika makumbusho mengi husajiliwa chini ya vyombo, na hesabu ya wasanii haiifikii. Kisha kagueni safu ya majina: herufi za mwanzo zisizo na jinsia, "mke wa fulani", "karakana ya fulani", "msanii hajulikani". Kwa mkusanyo wa kazi 5,000, watu wawili wenye bidii wanaweza kuimaliza kazi hii ndani ya miezi michache, na gharama yake ni mishahara yao tu.

Njia ya kwanza: kuchimba ghala lenu wenyewe

Ndiyo njia tunayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayopuuzwa zaidi, kwa sababu haina sherehe ya mnada.

Mfano wake maarufu ni Judith Leyster wa Haarlem, Uholanzi, aliyezaliwa 1609 na kuingia katika chama cha wachoraji cha mji huo mwaka 1633. Baada ya kufa aliporwa jina: picha zake ziliuzwa kama za Frans Hals, mchoraji mwanamume maarufu wa mji huohuo. Mwaka 1893, picha ya watu wawili wanaokunywa na kupiga muziki, ambayo sasa iko katika makumbusho ya Louvre, Paris, ilizua kesi London baada ya kugundulika kwamba saini ya Hals haikuwa halali. Alama halisi ilikuwa herufi J na L zilizoshikana, na nyota imechomoza pembeni. Alikuwa akicheza na jina lake, kwa maana Leyster ni nyota inayoongoza njia. Mwaka huohuo mtafiti Hofstede de Groot aliweza kumrudishia picha 7. Alama ile ilikuwepo muda wote, ndogo kama ukucha, ikingoja mtu wa kuitazama.

Mfano wa pili uko Florence. Plautilla Nelli, mtawa wa karne ya 16, alichora Karamu ya Mwisho yenye urefu wa karibu mita 7, mitume wakiwa wakubwa kama watu halisi, na mezani mna mwanakondoo, mboga za majani na maharage. Pembeni aliandika kwa Kilatini "Orate pro pictora", yaani mwombeeni mchoraji, na neno la mchoraji akaliandika kwa umbo la kike. Kwa miaka mingi umma haukuiona. Shirika la Advancing Women Artists, lililoanzishwa na Mmarekani Jane Fortune, liligharimia ukarabati wake wa takriban miaka 4, na Oktoba 2019 ikatundikwa katika makumbusho ya Santa Maria Novella. Sehemu ya fedha ilipatikana kwa kumtafutia kila mtume mfadhili wake kwa dola 10,000. Hata Yuda alipata.

Hatua ni hizi. Toeni picha zote zenye jina la kutilia shaka. Zipigeni picha mbele na nyuma, maana nyuma ndiko kwenye lebo, mihuri na namba za minada ya zamani. Zimulikeni kwa taa ya kutoka pembeni ili mikwaruzo ya saini ionekane, halafu kwa taa ya urujuanimno ionyeshe pale rangi ilipoongezwa baadaye. Linganisheni na wasia, orodha za mirathi, vitabu vya vyama vya mafundi na kumbukumbu za nyumba za watawa.

Inapoharibika, huharibika kwa tamaa. Mtu anatamani sana picha iwe ya mwanamke, anaitangaza, na baada ya miaka miwili mtaalamu mwingine anaibomoa hoja. Takeni maoni ya wataalamu wawili wasiotegemeana, na daftarini msifute jina la zamani: acheni safu ya "iliwahi kudhaniwa kuwa ya". Upungufu mwingine ni kwamba njia hii hainufaishi makumbusho changa. Ghala la miaka 15 halina Leyster aliyejificha.

Njia ya pili: hiba ya mkusanyaji

Wilhelmina Cole Holladay na mumewe Wallace walianza kukusanya miaka ya 1960. Waliona Ulaya picha za Clara Peeters, mchoraji wa meza za vyakula wa karne ya 17, wakavutiwa. Waliporudi nyumbani kumtafuta katika kitabu cha historia ya sanaa kilichotumika zaidi vyuoni wakati ule, hawakumpata, wala hawakumpata mwanamke mwingine yeyote. Mkusanyo wao ndio uliozaa National Museum of Women in the Arts mjini Washington, iliyofungua milango mwaka 1987 katika jengo lililokuwa hekalu la Wamasoni (Freemasons). Leo ina kazi zaidi ya 5,500. Picha ya Peeters iliyomo humo inastahili kusimamiwa mbele yake kwa dakika kadhaa: samaki wamerundikwa mezani, na paka amemkanyaga mmoja kwa miguu ya mbele, masikio ameyalaza nyuma, anakutazama wewe uliye upande wa pili kana kwamba umekuja kumnyang'anya.

Huko Philadelphia, Pennsylvania Academy of the Fine Arts ilipokea mwaka 2010 karibu kazi 500 za wanawake kutoka kwa Linda Lee Alter, ambaye mwenyewe ni msanii na alikusanya kwa makusudi kwa miaka mingi. Kwa siku moja taasisi iliyoanzishwa 1805 ilipata kitu ambacho bajeti yake ya kawaida isingekinunua kwa kizazi kizima.

Huo ndio uzuri wa hiba: wingi, kasi, na kwa kawaida karatasi za ununuzi ziko kamili kwa sababu mkusanyaji alizitunza. Ubaya wake ni kwamba mnarithi jicho la mtu mmoja. Alichokipenda kipo tele, asichokipenda hakipo, na mfadhili wenu mkuu akishafurahi ni vigumu kumwambia kwamba theluthi ya kazi zake hamzihitaji.

Kwa hiyo kaeni naye kabla ya wakili. Ombeni orodha nzima, chagueni kipande kwa kipande, na msipokee kazi ambayo msingeinunua kama mngekuwa na fedha. Katika hati ya hiba kataeni masharti matatu: kwamba kazi zisitenganishwe kamwe, kwamba zionyeshwe daima, na kwamba chumba kibebe jina la familia milele bila fedha za matunzo. Ombeni kiasi cha fedha kiambatane na kazi. Anayetoa kazi 200 bila senti ya kuzitunza amewapa pia bili ya fremu, rafu na bima.

Msanii mwenyewe akitaka kuwapa kazi yake, mjue sheria ya kodi ya nchi yake. Marekani, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 1969, msanii akitoa kazi yake mwenyewe hupunguziwa kodi kwa thamani ya rangi na kitambaa alivyonunua, ilhali mkusanyaji akitoa kazi ileile anaweza kupunguziwa kwa bei ya soko. Kuwaomba wasanii wanawake "mchango" kila mara ni kuwaongezea mzigo wale waliolipwa kidogo tangu mwanzo. Wakitoa moja, nunueni nyingine.

Njia ya tatu: orodha ya majina na harambee

Moderna Museet ya Stockholm ilifanya jambo tunaloona ni la kuigwa. Mwaka 2006 mkurugenzi wake, Lars Nittve, alitangaza hadharani pengo la wanawake katika sehemu ya karne ya 20 na kuiomba serikali krona milioni 50. Serikali ilitoa milioni 5. Wafadhili binafsi wakaingia, na kufikia 2009 makumbusho yalikuwa yamepata kazi 26 za wasanii 14, wakiwemo Louise Bourgeois, Lyubov Popova, Alice Neel, Ana Mendieta, Judy Chicago, na Waswidi kama Tora Vega Holmström.

Siri yake ni orodha. Mfadhili hakuombwa "kusaidia wanawake". Alionyeshwa jina, kazi, bei na mahali ukutani ambapo ingetundikwa. Jina mahususi hufungua mkoba kuliko hotuba. Pia lengo lilikuwa nyuma, kwa wasanii waliorukwa, jambo ambalo ni gumu kuliko kununua kazi za vijana: kazi nzuri za waliofariki ziko chache sokoni na bei hupanda pindi muuzaji anapojua mnazitafuta. Ndiyo maana orodha ya wafadhili iwe na majina, lakini orodha ya bei za juu mlizo tayari kulipa ibaki kabatini.

Panga majina 20 ili upate 12. Baadhi ya kazi hazitauzwa, nyingine zitakutwa na historia ya umiliki yenye shimo, hasa kati ya 1933 na 1945, miaka ya uporaji wa Wanazi, kwa kazi zilizokuwa Ulaya. Shimo hilo lisipozibwa, acheni kazi hata ikiwa nzuri namna gani.

Njia ya nne: kuuza ili kununua

Hapa ndipo fedha nyingi zaidi, na ndipo ugomvi ulipo.

Ileile Pennsylvania Academy, Desemba 2013, iliuza mnadani picha iliyochorwa na Edward Hopper kwa dola milioni 40.5, ili kujenga mfuko wa kununua kazi. San Francisco Museum of Modern Art iliuza picha moja ya mchoraji Mark Rothko Mei 2019 kwa dola milioni 50.1. Kati ya wasanii 10 wa kwanza walionunuliwa kwa fedha hizo, 6 walikuwa wanawake: Alma Thomas, Mickalene Thomas, Leonora Carrington, Kay Sage, Lygia Clark na Rebecca Belmore. Baltimore Museum of Art ilitoa kazi 7 za wanaume mwaka 2018, na miongoni mwa vilivyoingia ni sanamu ya shaba ya Wangechi Mutu, Water Woman, kiumbe mweusi aliyeketi, nusu mwanamke nusu samaki. Msomaji wa pwani atamtambua bila kusoma lebo: ni nguva.

Oktoba 2020 Baltimore ilijaribu tena, safari hii kazi za wachoraji Andy Warhol, Brice Marden na Clyfford Still, na sehemu kubwa ya fedha ikikusudiwa matunzo na mishahara. Uuzaji ulisitishwa tarehe 28 Oktoba, saa chache kabla ya mnada, baada ya watu walioahidi michango mikubwa kuziondoa ahadi zao. Kanuni ya kawaida ya chama cha wakurugenzi wa makumbusho ya sanaa cha Marekani ilikuwa kwamba fedha ya kazi iliyouzwa hununua kazi nyingine. Kwa sababu ya korona, Aprili 2020 ililegezwa kwa muda. Tofauti ya 2018 na 2020 ndiyo somo: watu wengi huvumilia kubadilisha kazi kwa kazi, lakini hawavumilii kazi igeuzwe mshahara, hata kama mishahara yenyewe inastahili kupanda.

Mkiichagua njia hii, someni kwanza hati ya hiba ya kila kazi mnayotaka kuuza. Msiuze kazi ya msanii aliye hai. Soko litasoma kwamba makumbusho yamemkataa, na bei yake itaporomoka. Anzeni na kazi ambazo mna nyingine bora ya msanii yuleyule na ya kipindi kilekile. Kura ya bodi ipigwe mara mbili, vikao viwili tofauti. Na mkumbuke kwamba bei inayotangazwa gazetini ina ada ya mnada inayolipwa na mnunuzi. Kinachowafikia ni kidogo kuliko hicho.

Swali kubwa ni mtaiweka wapi fedha. Milioni 40 zikitumika zote zitanunua kazi kadhaa za majina ambayo kila makumbusho yanayagombania mwaka huo. Zikiwekwa wakfu na mkachota asilimia 4 kila mwaka, mna milioni 1.6 kila mwaka, kizazi baada ya kizazi, na kamati yenu inaweza kusubiri. Kwetu sisi, kuuza bila kuweka wakfu ni kosa.

Njia ya tano: mwaka mmoja wa wanawake peke yao

Baltimore ilitangaza kwamba mwaka 2020 ingenunua kazi za wanawake tu. Mkusanyo wake ulikuwa na kazi 95,000, za wanawake asilimia 4. Ukipiga hesabu, utaona kwamba ununuzi wa mwaka mmoja hauwezi kuusogeza mlima huo kwa kiasi cha kuonekana. Faida yake ni kuwalazimisha wauzaji na wasimamizi kubadili mazoea ya kutafuta. Hasara ni kwamba Januari inayofuata hakuna kinachowabana tena. Kanuni ya bajeti ya miaka 5, hata kwa nusu tu ya fedha za ununuzi, huacha zaidi.

Njia ya sita: kazi moja kubwa

National Gallery ya London ilinunua mwaka 2018, kwa pauni milioni 3.6, picha ya Artemisia Gentileschi aliyojichora kama Mtakatifu Katerina, mkono umelala juu ya gurudumu la miiba lililovunjika. Wakati huo mkusanyo wa picha zaidi ya 2,300 ulikuwa na takriban 20 za wanawake. Baada ya kusafishwa, mwaka 2019 picha ilizungushwa mahali ambapo picha za hadhi hiyo haziendi: shule ya wasichana, kituo cha afya, gereza la wanawake.

Miezi michache kabla, picha hiyohiyo ilikuwa imeuzwa mnadani Paris kwa karibu euro milioni 2.4. Makumbusho mengi hayawezi kufukuzana na mnada, kwani bodi hukutana kila robo mwaka. Kama mnaichagua njia hii, pateni idhini ya awali: kiwango cha juu cha fedha, watu watatu wa kuamua ndani ya saa 48, na mtaalamu wa ukarabati aliye tayari kupanda ndege kuikagua kazi.

Gharama zisizoandikwa kwenye bei

Kazi nyingi za wanawake zimefanywa kwa karatasi, kitambaa na nyuzi, mara nyingi kwa kuwa hivyo ndivyo vilivyopatikana nyumbani. Rosemary Karuga wa Kenya (1928–2021), mwanamke wa kwanza kusomea sanaa Makerere, alitengeneza picha kwa kukata na kubandika karatasi za vifungashio na majarida, na mwaka 1990 zilionyeshwa Studio Museum in Harlem, New York. Karatasi ya kifungashio ina asidi. Hugeuka njano na kukatika kwenye mkunjo. Inataka mwanga usiozidi laksi 50, ubao wa nyuma usio na asidi, na miezi 3 au 4 ukutani kisha mapumziko marefu gizani. Picha ya rangi za mafuta huvumilia laksi 150 hadi 200 na hukaa ukutani miaka. Maana yake ni kwamba ili ukuta mmoja uwe na kazi ya karatasi mwaka mzima, mnahitaji kazi tatu au nne, si moja.

Mpira ni mgumu zaidi: baadhi ya kazi za mchongaji Eva Hesse za miaka ya 1960 zimekakamaa na kubadilika rangi kiasi kwamba kuzihamisha tu ni hatari. Ulizeni kuhusu nyenzo kabla ya bei. Katika kila 100 mlizotenga, wekeni 70 kwa ununuzi na 30 kwa kreti, usafiri, fremu, ukarabati na bima ya mwaka wa kwanza.

Basi, ipi?

Makumbusho ya zamani yenye ghala kubwa na fedha kidogo: njia ya kwanza, bila kusita, na fedha za ukarabati zitafutwe kazi moja moja. Yenye wafadhili lakini pengo kubwa la kihistoria: njia ya tatu. Hiba ipokeeni ikija, ila msiifanye mpango, kwa sababu hamuwezi kupanga lini mtu atakata shauri. Kuuza ni kwa wale tu walio na kazi za ziada za kweli na bodi itakayostahimili mwaka mmoja wa maneno. Kazi moja kubwa ifuate baada ya njia nyingine. Ikitangulia peke yake huwa pambo mlangoni.

Kwa makumbusho na nyumba za sanaa changa za Afrika Mashariki, njia ya tatu ndiyo inayobana muda. Wanawake waliosoma na kufanya kazi katika miaka ya 1950 hadi 1970 wamefariki au wamezeeka, na kazi zao ziko sebuleni kwa watoto na wajukuu, ukuta unaopigwa na jua la saa tisa. Andaeni majina 12. Nendeni kwa familia mkiwa na kamera na fomu yenye mambo sita: kipimo, nyenzo, mwaka, nani aliipata kutoka kwa nani, hali yake, na mwenye hakimiliki. Kumiliki picha hakukupi ruhusa ya kuichapisha kwenye kalenda, basi ruhusa hiyo iandikwe siku hiyohiyo kwenye hati, warithi wote watie saini, na mmoja wao asisaini kwa niaba ya wenzake. Pigeni picha upande wa nyuma kwanza. Hata kama hamtainunua leo, mtakuwa mmeandika kwamba ipo, na iko wapi.